Dhahabu Iliyopita Pwani Yetu

Ziko habari zilizoenea sana katika vijiji vyetu vya Kibiti na Rufiji, nazo ni hizi: ya kuwa penye ukuta wa kale pana dhahabu. Wengine husema ni dhahabu ya Washirazi. Wengine husema ni ya Wajerumani, waliyoifukia walipokuwa wakikimbia vita. Kwa ajili ya habari hizo vijana hutoka usiku na majembe na sururu, wakaenda kuchimba chini ya kuta na penye makaburi ya zamani. Asubuhi hukutwa shimo, na mawe yaliyoporomoka, na vigae vya sahani za kale vilivyovunjwa na kutupwa. Aliyeipata dhahabu hatujamwona.

Basi, ndugu wasomaji, tumeona ni vema kuziandika habari za dhahabu hiyo kama zinavyojulikana katika vitabu na katika kazi ya wachimbuzi wa mambo ya kale: ilitoka wapi, ilipita wapi, na ilikwenda kukaa wapi. Tena twataka kumwongoza msomaji katika miji yenyewe, kwa maana yeye akaaye Kibiti aweza kuifikia yote kwa siku chache, kwa gari na kwa mashua, na bahari ya upande huu ni nzuri kuitazama kuliko nyingi zinazosifiwa.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba pwani yetu haikuwa na machimbo. Ardhi ya delta ni tope na mchanga ulioletwa na mto, nayo huzaa mpunga. Katika Tanzania machimbo ya dhahabu yako bara, kama Geita, na Sekenke, na Lupa katika nchi ya Chunya. Miji yetu ya pwani ilikuwa miji ya dhahabu kwa jinsi nyingine. Dhahabu iliipitia, kama maji ya Rufiji yapitavyo Utete yakienda zake baharini.

Tuanze nyumbani. Hapo Mkukutu, katika nchi ya Kibiti, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichimba, wakakuta shanga za kioo zilizotoka katika nchi za milki ya Warumi. Habari zake walizichapisha mwaka 1999. Ni vitu vidogo, mtu aweza kuvikanyaga asivione. Lakini vyatuonyesha ya kuwa karne nyingi kabla ya Kilwa kuwa mji mkubwa, watu wa hapa walikuwa wakinunua na kuuza na watu wa mbali. Kiko pia kitabu kidogo cha safari, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo na mtu aliyeijua bahari hii. Kitabu hicho chautaja mji uitwao Rhapta, soko la mwisho la pwani, nalo jina lake latokana na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, kama mitepe ya wazee wetu. Mtaalamu mwingine wa kale, Ptolemy, aliuweka mji huo karibu na mto, na wako wataalamu wasemao ya kuwa ulikuwa upande huu wa delta yetu.

Mwandishi wa kitabu kile aliorodhesha bidhaa za Rhapta kama karani wa forodha. Pembe za ndovu zilitoka, na pembe za vifaru, na magamba ya kasa. Mikuki ikaingia, na mashoka, na vyombo vya kioo. Dhahabu haikutajwa. Kwa hiyo mtu achimbaye Mkukutu akitafuta dhahabu anatafuta kitu ambacho hata wafanya biashara wa siku zile hawakukiandika.

Dhahabu ilikuja baadaye, nayo ilitoka kusini. Katika nchi ya juu ya Zimbabwe wenyeji walichimba mashimo membamba wakiufuata mwamba, na katika mito walichekecha mchanga. Unga wa dhahabu ulichukuliwa mpaka Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo, ukabadilishwa kwa nguo na shanga. Mwanzoni biashara ya Sofala ilikuwa mikononi mwa watu wa Mogadisho. Jinsi Kilwa ilivyopata habari zake yasimuliwa na João de Barros, mwandishi wa Kireno aliyechapa kitabu chake mwaka 1552, naye alikuwa na habari za kale za wafalme wa Kilwa. Asema kwamba mvuvi mmoja wa Kilwa alinasa samaki mkubwa mno, wala hakutaka kuupoteza mshipi wake, akakubali kuburutwa. Samaki akamtoa nje, kisha upepo na mkondo vikamchukua mtumbwi wake mpaka Sofala. Huko aliona chombo cha Mogadisho kikinunua dhahabu. Aliporudi alimweleza mfalme wake, na tangu hapo Kilwa ikaanza kupeleka vyombo vyake. Wavuvi wetu wa Msala na Kiomboni watacheka wakiisikia hadithi hii, nao wana haki. Lakini hata wao wanajua mtu ambaye mkondo ulimpeleka asikotaka kwenda.

Hadithi au si hadithi, sababu ya nguvu ya Kilwa yaeleweka kwa kila ajuaye pepo mbili. Vyombo vya Manga na Bara Hindi huja na kaskazi na kurudi na kusi. Chombo kikitoka huko kikafika Kilwa, chaweza kuuza na kununua, kikarudi kwao mwaka uo huo. Kikishuka mpaka Sofala, kusi yaweza kukipita, nacho kitangoje mwaka mzima. Basi watu wa Kilwa walikwenda wenyewe Sofala kwa vyombo vyao, wakaileta dhahabu, wakaiweka tayari, na wageni wakaikuta hapo. Mfalme alitoza ushuru bidhaa ziingiazo na zitokazo. Utajiri wa Kilwa ulikuwa utajiri wa mlinda mlango.

Mwaka 1331 alikuja Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, akauona mji huo. Mfalme wa siku hizo alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Zawadi. Msafiri huyo asimulia ya kuwa Ijumaa moja, mfalme alipotoka kusali, fakiri kutoka Yemeni alimwomba nguo alizovaa mwilini. Mfalme akaingia ndani, akazivua, akampa. Mwana wa mfalme akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi. Na mfalme aliposikia jinsi watu walivyomshukuru, akaagiza fakiri apewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe. Kisha Ibn Battuta aongeza neno ambalo twaomba wachimbaji wetu wa usiku walisikie: ya kuwa watu wa Kilwa zawadi zao nyingi ni pembe za ndovu, na dhahabu huitoa mara chache tu. Hata katika mji wenyewe wa dhahabu, katika siku za mfalme mkarimu kuliko wote, dhahabu haikuwa kitu cha kuachwa kikizagaa. Ilikuwa bidhaa ya kupelekwa mbele.

Ushahidi mwingine ni sarafu. Wafalme wa Kilwa walipiga sarafu zao, na zimeokotwa nyingi sana katika magofu; lakini karibu zote ni za shaba. Ni ndogo, zimeliwa na chumvi, zina jina la mfalme upande mmoja. Moja yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman ilikutwa katika Zimbabwe Kuu, mbali huko bara. Nyingine chache ziliokotwa mwaka 1944 katika kisiwa kimoja cha kaskazini mwa Australia, wala hakuna ajuaye kwa hakika zilifikaje huko. Mwananchi wa Kilwa aliponunua samaki sokoni alilipa shaba.

Sasa twende tukaione Kilwa yenyewe. Kutoka Kibiti njia ya lami hushuka kusini, ikauvuka mto kwa daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, refu karibu mita elfu moja. Vijana hawajui taabu ya wazee wao kabla ya daraja hilo, hasa wakati wa masika. Huko mbele ni Nangurukuru, ambapo hukata kushoto kwenda Kilwa Masoko. Na katika Masoko mgeni hupata kibali chake, akavuka kwa mashua kwenda Kisiwani. Kivuko ni kifupi. Upande wa kushoto, juu ya jabali, mgeni huona kuta zilizokaa peke yake juu ya bahari: hiyo ni Husuni Kubwa.

Husuni Kubwa ilijengwa katika siku za al-Hasan yule yule, na jina lake limeonekana limechorwa katika jiwe. Ina vyumba zaidi ya 100. Ina birika la kuogea lenye pembe nane, linaloielekea bahari, na ngazi za mawe zishukazo mpaka pwani, na ua mpana wa bidhaa upande wa nyuma. Twadhani hapana jumba la mfalme katika pwani yote lililojengwa kwa tamaa kubwa kuliko hilo. Nalo halikukaliwa muda mrefu. Sehemu nyingine hazikumalizwa hata kujengwa. Yule aliyekuwa na mlango wa dhahabu yote hakuweza kuwaachia wanawe jumba wakalikaa.

Msikiti Mkuu ulidumu zaidi. Sehemu yake ya kaskazini ni ya zamani sana, yapata karne ya kumi na moja na ya kumi na mbili. Sehemu kubwa ya kusini iliongezwa katika karne ya kumi na nne, ikaanguka, ikajengwa tena katika karne ya kumi na tano. Mtu akisimama kati ya nguzo zake na kuzitazama kuba juu, ataelewa kwa nini baharia wa zamani alipoufikia mji huu alisahau taabu ya safari. Na aendaye na watoto awaonyeshe jambo moja ambalo wageni wengi hulipita. Katika nyumba za mawe za pwani hii vyumba ni virefu lakini vyembamba. Upana wake hauzidi sana dhiraa tano au sita. Sababu yake ni nini? Ni boriti. Dari la chokaa na mawe lilikuwa zito, nalo lililazwa juu ya miti ya mikoko, na mti wa mkoko ulionyooka na wenye nguvu ya kubeba hauna urefu zaidi ya huo. Mfalme angeweza kuwa na dhahabu ya Sofala yote. Upana wa chumba chake ulipimwa na mti wa topeni. Kilwa nayo ina mikoko yake, lakini msitu mkubwa kuliko yote ya pwani hii ni wetu wa delta, hekta 53,000 hivi, nao uko karibu, baina ya Kilwa na Mafia.

Watu huuliza, miji hii ilijengwa na nani? Hadithi ya Kilwa yasema ya kuwa Ali bin Hasan alitoka Shirazi, akakinunua kisiwa kwa mtu wa bara, na bei yake ilikuwa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Zamani vitabu vya shule vilisema Waajemi na Waarabu ndio waliojenga, na wenyeji walitazama tu. Siku hizi haisemwi hivyo. Mwaka 2023 wataalamu walichapisha habari za mifupa ya watu waliozikwa zamani katika miji ya pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwamo. Walikuta ya kuwa damu yao ilikuwa ya Afrika, hasa upande wa akina mama, ikachanganyika na damu ya wanaume wa Uajemi tangu mwaka 1000 hivi. Basi hadithi ya wazee ilikuwa na kweli ndani yake, na waliosema kwamba wajenzi ni watu wa hapa nao walisema kweli. Aliyekata boriti, aliyechoma chokaa, aliyechonga jiwe la mwamba likiwa bado laini, alikuwa bibi na babu wa watu hawa hawa.

Tufike sasa penye swali la vijana: dhahabu iko wapi?

Mwaka 1500 Wareno walitia nanga Kilwa kwa mara ya kwanza. Mwaka 1502 alikuja Vasco da Gama na merikebu nyingi na mizinga. Alimtisha mfalme, Amiri Ibrahim, ya kuwa atauharibu mji, mpaka mfalme akakubali kulipa kodi ya dhahabu kila mwaka kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ya kwanza ilipofika Lisbon, mfalme Manuel aliamuru ifanyizwe monstransi, ndicho chombo ambacho padre hukiinua kuwaonyesha watu Ekaristi Takatifu. Kazi ilimalizika mwaka 1506, na inasemwa ni kazi ya mfua dhahabu Gil Vicente. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuizunguka, wametiwa rangi vizuri ajabu. Katika kitako chake yameandikwa maneno kwa Kireno, ya kuwa mfalme aliagiza ifanyizwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Jina la Kilwa limo humo, katika dhahabu yenyewe, nacho chombo hicho kimo katika jumba la makumbusho la Lisbon hata leo. Mtu akitaka kuiona dhahabu ya Kilwa, huko ndiko aende.

Sisi Wakristo twaona shida kuisoma habari hii. Chombo ni kizuri, na kazi aliyokusudiwa ni takatifu. Lakini mali yake ilitolewa mbele ya mdomo wa mzinga. Twajua ya kuwa sadaka ya namna hiyo manabii waliisemea zamani, wala hatuna haja ya kuongeza.

Kodi ile haikuendelea kulipwa. Mwaka 1505 alikuja Francisco de Almeida na askari, wakauteka mji, wakateka nyara nyumba, wakajenga ngome. Mwaka 1512 wakaiacha, kwa maana walikuwa wamekwisha jenga nyingine Sofala penyewe, wakitaka kuichukua dhahabu mlangoni mwake. Lakini wafanya biashara wa bara waliwakwepa, wakapita njia nyingine, na hata Sofala ikafifia. Ngome ya Sofala ililiwa na bahari. Mawe yake yalichukuliwa kujengea kanisa kuu la Beira. Hivyo mawe ya mji wa dhahabu nayo yaliingia kanisani.

Kilwa ilipigwa tena na Wazimba mwaka 1587. Na hapa kuna jambo la huzuni, ambalo katika matembezi ya furaha watu hupenda kulipita haraka. Dhahabu ilipokwisha, mji ulijaribu kuishi kwa kuuza watu. Mwaka 1776 mfalme wa Kilwa alifanya mkataba na Mfaransa aitwaye Morice, kumpa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika bahari ya Hindi. Watu hao walitoka bara, na wengi walipita njia zinazopita karibu na kwetu. Mgeni atazamaye Gereza pale pwani, boma lililojengwa upya na Waarabu wa Omani katika karne ya kumi na tisa, na akumbuke hayo pia.

Turudi kaskazini, twende Mafia. Mafia waiona kutoka delta siku ya hewa safi. Rasi ya magharibi iitwayo Ras Kisimani yaelekea midomo ya Rufiji, na hapo palikuwa na mji wa kale wa Kisimani, ambao katika hadithi za Kilwa walitawala watu wa ukoo uo huo wa Kishirazi. Sehemu kubwa imeliwa na bahari. Upande wa mashariki ni kisiwa cha Juani, na katika Juani ndipo ilipo Kua. Watu wengi hawajui Kua, nasi twaipenda kuliko Kilwa, kwa sababu hapana ajuaye kukuharakisha. Mibuyu imeota kati ya nyumba. Mizizi imekumbatia kuta. Iko misikiti, na makaburi, na jumba la mfalme lenye ghorofa. Maji yakijaa, mashua hupita kati ya mikoko mpaka karibu kabisa.

Wazee wa huko wana hadithi ya miji hiyo miwili. Wasema watu wa Kisimani waliunda chombo kikubwa, wakawaalika watu wa Kua kukishua. Nao wakawatwaa watoto wa Kua, wakawalaza chini ya chombo badala ya magogo. Watu wa Kua wakanyamaza, wakangoja miaka. Kisha wakafanya arusi, wakawaalika watu wa Kisimani katika chumba cha chini ya ardhi. Katikati ya ngoma wenyeji wakatoka mmoja mmoja, na mlango ukajengwa kwa mawe. Vijana wengine wamekitafuta chumba hicho, wakidhani wafu walizikwa na mapambo yao. Kua yenyewe iliangamizwa katika miaka ya 1820 na Wasakalava waliokuja kutoka Bukini kwa mitumbwi mingi, wakateka watu na kuwachukua. Waliochukua watu hawakuacha vyombo vya dhahabu nyuma yao.

Karibu na Juani ni Chole, kisiwa kidogo chenye miembe na popo wakubwa, na magofu ya siku za Wajerumani, na mafundi waundao mashua kwa shoka na tezo. Mtu asiondoke asipowatazama kazini.

Na delta yetu je? Hapana magofu ya mawe ya kujivunia, lakini pana mahali ambapo twaona mgeni angepaswa kupelekwa kwanza, napo ni Salale. Wajerumani waliufanya msitu wa mikoko kuwa hifadhi mwaka 1898, na Salale ikawa mahali pa kazi ya msitu. Vyombo vya Manga viliingia mtoni na kungoja miti. Msinzi, mkandaa na mkoko vilikatwa, vikapangwa kwa unene wake, fito mbali, pau mbali, boriti mbali, nguzo mbali, vikahesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia wa Australia, aliingia humo na jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, akakaa mabaharia walipokuwa wakipakia boriti. Aliandika kitabu cha safari hiyo, wala hakuisifu delta: tope, na mbu, na joto. Lakini boriti zile zilifika Kuwait, nchi isiyo na miti, zikawa dari za nyumba. Wazee wa huko mpaka leo wana jina la miti hiyo katika Kiarabu chao. Baadaye mafuta yalileta saruji na chuma, na serikali yetu ilikataza kupeleka boriti nchi za nje. Salale ikanyamaza. Kwa hesabu yetu, hiyo ndiyo iliyokuwa dhahabu ya Rufiji. Nayo, tofauti na ile ya Sofala, yaota tena ikiachwa.

Wageni wa delta huuliza pia habari za manowari Königsberg. Ilizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika mito yetu. Waingereza waliifunga humo, na Julai 1915 wakaiharibu kwa mizinga ya Severn na Mersey. Mizinga yake kumi ilitolewa na kuburutwa nchi kavu, na mmoja upo Mombasa katika Ngome ya Yesu. Mabaki ya chuma yalikatwa na kuuzwa katika miaka ya 1960. Mengine yamezama topeni. Wasemao ya kuwa ilikuwa na dhahabu ya Wajerumani wachanganya habari mbili. Dhahabu ya Wajerumani ilikuwapo: ilitoka Sekenke, ikapigwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, katika mji wa Tabora. Lakini sarafu hizo zilipigwa mwaka 1916, na wakati huo manowari ilikuwa imekwisha kulala topeni karibu mwaka mzima.

Kwa njia ya Mohoro twaomba mgeni asipite bila kusimama. Palikuwa na ofisi ya Wajerumani, na hapo ndipo Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alipotundikwa tarehe 4 Agosti 1905, mwanzoni mwa vita vya Maji Maji. Ni mahali pa kimya.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa na UNESCO mwaka 1981 kuwa urithi wa dunia. Mwaka 2004 yalitiwa katika orodha ya mahali palipo hatarini, kwa sababu bahari ilikula ukingo na kuta zilianguka. Kazi ya kutengeneza ilifanywa, nayo yakatolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Kua haina mlinzi wa namna hiyo. Ukuta wake ukichimbwa leo, hapana atakayeujenga kesho.

Walimu watakaochukua watoto wa shule waanze Kibiti asubuhi na mapema kwenda Nyamisati, ambako vyombo huvuka mpaka Kilindoni. Wachukue maji ya kunywa, na viatu vya kukanyagia miamba. Na kwa Kua waulize kwanza siku ya mwezi, kwa maana bamvua ikipwa mashua hukaa mchangani, na watu wakangoja hapo mpaka maji yarudi.